Titi la Mchanga Kutoka Kirumba

Niliondoka Busisi kwa sababu ya mtoto. Mjukuu wangu Teresia alijifungua msichana, akampa jina langu, Kabula, akataka Jumapili nimshike kanisani kama mama wa ubatizo. Nami tangu nikatwe titi la kushoto kwa saratani nilikuwa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kanga begani hata jua likiwaka. Nikamwambia atafute mwingine.

"Bibi, Kabula mwingine nimtoe wapi?"

Hapo nikakumbuka maneno ya Paulina, nesi aliyekuwa akinisafisha kidonda: Kirumba, kule mjini, yuko mama anaitwa Leokadia, naye alikatwa, sasa anawashonea wenzake titi la kuvaa.

Asubuhi ya safari nilijitengeneza mwenyewe. Si tunalima pamba? Nikaviringisha donge, nikalitia ndani ya sidiria. Kwenye kioo nikajiona niko sawa kabisa.

Kwenye kivuko nilisimama katikati ya matenga ya nyanya, mkono juu nimeshika chuma. Mwenye nyanya, Nyamizi jina lake, akaninong'oneza, "Shikamoo mama. Bega lako limevimba, umeumwa na nyuki?"

Kumbe pamba imepanda mpaka karibu na shingo!

"Marahaba. Siyo nyuki, ni shamba langu hilo."

Hakuelewa. Lakini tulipofika Kigongo alinishika mkono tukashuka, akanitafutia nafasi kwenye basi la mjini, asiulize tena.

Mchana nikafika Kirumba. Nyumba ya Leokadia iko nyuma ya soko la Mwaloni, harufu ya dagaa inaingia mpaka chumbani. Akafungua mlango.

"Shikamoo bibi. Kushoto au kulia?"

Nikashtuka. Hata habari za nyumbani hajauliza! "Kushoto," nikasema.

"Mimi kulia. Karibu ndani, tukikaa pamoja tunatimia mtu mmoja."

Nikacheka. Tangu nikatwe sikuwahi kulichekea jambo lile.

Ndani alikuwamo Dafroza, mwenzake wa kushona aliyekatwa pia, anafumua sidiria za mitumba, maana miaka hiyo mitumba ilikuwa imejaa kila soko. Nikawaeleza habari za Kabula na ubatizo, nikawaonyesha pamba yangu.

"Pamba peke yake haina uzito," Leokadia akasema. "Ukiinua mkono, inaenda matembezi."

"Basi mnatia mtama?"

"Tulijaribu. Kuku wa jirani walimfuata Dafroza mpaka barabarani."

"Mwongo huyu!" Dafroza akasema, lakini anacheka.

Wao hutia mchanga wa ziwani, umeoshwa na kuanikwa, kwenye kifuko kidogo, kisha pamba kukizunguka. Leokadia aliniwekea titi moja la namna hiyo mkononi, akaniambia kwa mkono wa pili nipime la kwangu.

"Yanalingana?"

"Bado. Langu limechoka zaidi."

"Haya, tulichoshe na hili."

Akafungua blauzi nione kovu lake lilivyotulia. Akaniambia usiku nilivue titi la mchanga, kovu lipumue. Kisha akanivalisha, akaanza: inua mikono, inama kama unapalilia. Mwisho akanipa mfuko wa unga. "Huyu ndiye Kabula. Mpakate." Nikasita, nikamweka kushoto. Titi halikusogea. Nikakaa na ule unga muda mrefu, nao wakaniacha.

Kurudi, nilisimama kivukoni upepo ukinipiga, kanga nimeifunga kiunoni. Nikashika chuma cha juu kwa makusudi. Titi likatulia.

Jumapili nikatoka benchi la nyuma, nikapita katikati ya watu wote, nikampakata wajina wangu. Maji yalipomgusa akalia, kisha akageuza uso, akafungua mdomo, akaling'ang'ania titi la mchanga juu ya gauni. Teresia akashindwa kujizuia. "Bibi, mtoto kadanganyika!" Hata padri akainamisha kichwa ili tusione meno yake.

Nilikwenda Kirumba kutafuta cha kujifunika, nikarudi na swali. Siku hizi nikimwona mwanamke yuko karibu na mlango, kanga begani na jua linawaka, namsogelea, nakaa naye, namuuliza polepole: mama, kushoto au kulia?