Ulimi wa Kuazima

Mafua yale mabaya yalipomshika fundi mapazia, hakukaa sana kitandani. Homa ilishuka, kifua kikafunguka, akarudi kwenye cherehani yake pale dirishani. Ila harufu haikurudi. Alinusa sabuni, hakuna kitu. Akanusa kitambaa kipya, ambacho siku zote kilimnukia kama mvua inayonyesha mbali, hakuna kitu. Ikawa kama anaitazama dunia kupitia kioo kizito: watu anawaona wanacheka, sauti haimfikii. Hakumwambia mtu. Aliona akilitaja tu jambo lile, litavuta kiti likae moja kwa moja.

Mumewe naye hakugundua. Alikuwa fundi kufuli, mtu ambaye ukimsalimia anaitika, ukimuuliza la pili anatafuta bisibisi.

Basi kitinda mimba wao, muuguzi anayefanya kazi mji wa mbali, akapiga simu kwamba Jumapili atakuja kula mchana. "Na sosi yako ya nyanya, mama. Nimeiota."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mama akabandika sufuria. Alikaanga vitunguu, akatia vitunguu saumu na nyanya alizomenya, akakoroga. Mikono ilijua kazi yake. Akaonja. Chumvi aliisikia, na uchachu aliusikia, lakini baada ya hapo palikuwa patupu, kama nyumba iliyohamwa. Akatia pilipili moja, akaonja tena, na safari hii kitu kikamgusa. Kilimchoma kwenye ncha ya ulimi, chepesi, kama mtu anayebisha hodi. Moyo ukamruka. Akatia nyingine. Hodi ikawa kubwa. Akaendelea kukata na kutia, mvuke ukimzunguka, machozi yakimtiririka, naye akiwa mbali kabisa na jiko lile, anatembea ndani ya ukali ule kama mtu aliyerudi mtaa wa utotoni akaukuta bado upo.

Mumewe aliingia na mkate kwapani. Kama kawaida yake akamega kipande, akachovya, akatia kinywani. Akasimama. Akashika ukingo wa meza.

"Mama watoto," alisema sauti ilipomrudia, "tumekosana lini?"

Mkewe akaangua kicheko. Kicheko kikamkatikia njiani, akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Na chai yangu ya kila asubuhi?"

"Napima kwa macho, baba."

Mzee akavua koti, akakunja mikono ya shati, akanawa kama mtu anayekwenda kufungua mlango mgumu. Akashika jagi la maji.

"Weka chini," mkewe akamwambia. "Maji yataitembeza tu hiyo pilipili, haitaondoka. Kwanza opoa vipande vyote unavyoviona, na mbegu zake. Halafu nusu tuimimine kwenye sufuria nyingine."

Wakaanza kuiokoa. Yeye alimenya nyanya nyingine, mzee akachemsha karoti na kuziponda mpaka zikawa laini kama uji. Vitunguu wakavikaanga taratibu, moto mdogo, mpaka vikalainika na kuwa vitamu, wakavichanganya vyote na ile nusu. Jua la alasiri lilipita kwenye mapazia ya wateja yaliyotundikwa dirishani, likamwaga sakafuni rangi ya buluu na ya machungwa, na mvuke ukapita katikati ya rangi zile polepole.

"Onja."

"Moto."

"Moto gani? Mimi sina ulimi leo, nimeazima wako. Sema."

Mzee akafikiri. "Unaingia wote kwa pamoja. Kama watu wanasukumana mlangoni."

Mama akatia sukari kidogo na mafuta kijiko. "Sasa?"

"Wamepanga foleni." Akaonja tena, macho juu. "Nyanya ndiyo imetangulia. Imeiva, kama ile inayopasuka mkononi. Karoti iko nyuma, haisemi. Pilipili inakuja mwisho, inafunga mlango taratibu. Sasa kuna... sijui. Pamelala. Panataka kuamshwa."

"Ndimu," alisema mkewe, akakamua.

Mzee alionja. Alitabasamu tu, halafu akakumbuka kazi yake, akaanza kueleza. Alieleza kirefu. Mama alifumba macho, kidevu mkononi, akimsikiliza, na kila neno likawasha taa kwenye chumba kimoja cha ile nyumba tupu.

Nusu iliyobaki wakampa jirani seremala, anayejisifu kwamba kwake pilipili ni mboga. Jioni ile walimwona nje kwake, kanywa jagi zima la maji, amekaa mdomo wazi anapata upepo.

Jumapili binti alikula, akasita, akawatazama. "Mama, umeweka nini? Si ile ya zamani."

"Mbaya?"

"Nani kasema mbaya? Nisogezeeni mkate."

Aliposikia habari yenyewe akawa mkali, kwa nini hawakumpigia simu, wanamfanya mgeni. Hasira ilipotulia akasema kuna watu ambao harufu huwarudia kidogo kidogo, wengine haiwarudii. Wajaribu kunusa vitu vilevile kila asubuhi, bila haraka, na mama aende kwa daktari.

Alikwenda. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kufuli zake, mzee humsogezea puani kahawa, karafuu, ganda la ndimu. Asubuhi nyingi mama hutikisa kichwa. Siku moja, kwenye ganda la ndimu, alimshika mumewe mkono.

"Subiri. Usiondoe."

"Umepata?"

"Kuna kitu kimepita. Sijui kama ni ndimu au nimeota."

Mzee hakuondoa. Alisimama pale, mkono umenyooka, kufuli zake zikimsubiri.