Oili ya Giaboksi

Mwaka ule kila kitu kilikuwa cha foleni, na oili ya injini ilikuwa imeadimika Dar es Salaam nzima. Mwinyimvua, dereva wa teksi, alikuwa ameilaza Pijo yake uani kwake Kariakoo kwa kuikosa. Alasiri moja mkewe Sitara akashikwa na uchungu kabla ya wakati, damu ikawa inamtoka. Teksi nyingine haikupatikana. Mwinyimvua akakimbilia Gerezani kwa fundi Shaibu.

"Nina ya giaboksi tu," Shaibu akamwambia. "Ni nzito mno, kaka. Haitapanda juu, vyuma vitasagana. Utaiua injini."

"Nipe hiyo hiyo."

Akaimimina yote, akamlaza Sitara kiti cha nyuma, akaondoka. Walipofika Mnazi Mmoja injini ilikuwa inagonga vibaya, lakini hakupunguza mwendo. Langoni pa hospitali gari likafuka moshi, injini ikanoki, wala haikuwaka tena.

Sitara alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia hata mara moja.

Jioni mkewe akamuuliza kwa sauti ndogo, "Gari liko wapi?"

"Lipo nje," akajibu, akamfunika vizuri kwa kanga.