Kokuhirwa na Sauti ya Mzee Rweyemamu

Kibanda cha bati kando ya duka la mbolea pale Nyakatuntu kimefungwa, na Costansia, anayeishi nyuma yake, bado hajauzoea ukimya wake. Asubuhi hasikii tena nyimbo za kwaya zikianzia katikati na kukatika, binti yake akizijaribu. Watu wanaendelea kuja na simu zao.

"Mama Kokuhirwa, mtoto yuko wapi? Video ya harusi imegoma kwenye televisheni."

Hapo Costansia hujifuta mikono kwenye kitenge na kujibu kwa sauti inayofika barabarani.

Kokuhirwa alikuwa akibadilisha video. Iliyopigwa kwa simu ikikataa kufunguka kwenye televisheni, aliipandisha kwenye tovuti, akaigeuza iwe ya aina nyingine, akaishusha na kuitia kwenye flashi. Costansia aliielewa kazi hiyo kama kukoboa kahawa: ni ileile uliyoichuma, ila sasa mnunuzi anaipokea. Kwamba ni kazi ya kutunza watu, alikuja kuelewa siku ya kumaliza matanga ya Mzee Rweyemamu.

Mzee huyo alikuwa bingwa wa kwebuga, kule kusimama na mkuki na kujisifu kwa maneno yenye mapigo, ukoo ukiitikia. Mara yake ya mwisho, mwanawe Edgar alimrekodi kwa simu. Sasa ukoo ulitaka kumsikia kabla Edgar hajakabidhiwa mkuki huo, na Kokuhirwa ndiye aliyepewa video.

Televisheni ikawashwa chini ya turubai. Mzee akatokea, mkuki juu, mdomo ukifunguka na kufumbika. Sauti hakuna. Edgar akaongeza mpaka mwisho. Hakuna.

"Binti," akasema Projestus, mdogo wa marehemu, "tulikupa simba, umeturudishia bubu!"

Watu wakacheka, kicheko kisichopendeza. Costansia akamvuta binti yake migombani.

"Hukuijaribu?"

"Niliijaribu, mama. Nilizima sauti."

"Ukazima! Kwa nini?"

"Sauti ya marehemu niisikie mimi jirani, kabla ya mrithi?"

Costansia akamwachia mkono. Adabu hiyo alimfundisha mwenyewe.

Kokuhirwa alikuwa ameshalijua kosa. Aligeuza picha tu. Sauti akaiacha katika aina yake ya zamani, nayo televisheni haikuitambua. Ilibidi arudie, na mtandao wa maana ulikuwa kilimani.

"Wazuie watu, mama," akasema, akapanda bodaboda na kompyuta kifuani.

Mawingu yakatanda. Watu wakaanza kutafuta viatu. Costansia akasimama kwenye njia ya kutokea na sinia la ndizi na maharage.

"Mnataka kumwaibisha mjane? Mtatokaje hapa na njaa?"

"Tumeshakula, Mama Kokuhirwa!"

"Hamkushiba."

Akaagiza na rubisi. Pombe ya ndizi ilipofika, Projestus akavua viatu tena, akasema anangoja mvua ipite. Mvua yenyewe ilikuwa haijaanza.

Ilianza, ikapiga, na Kokuhirwa akarudi amelowa chapachapa, kompyuta ikiwa kavu ndani ya jani la mgomba. Hakwenda kwenye televisheni. Alimwendea Edgar na kumpa vile visikilizio vya kuweka masikioni.

"Sikiliza wewe kwanza, kaka."

Edgar akainamisha kichwa. Taratibu mkono wake wa kulia ukainuka, ukiwa umeshika hewa. Kisha akaitikia kwa kichwa: wasikie wote.

Sauti ya mzee ikalijaza turubai. Alipotua kwenye pigo la kwanza, wanaume wa ukoo wakaitikia kabla hawajajua kuwa wanaitikia. Projestus alikuwa amesimama, kikombe kimemwagika, machozi yanamtoka bila aibu. Ilipoisha, yeye ndiye aliyeuleta mkuki na kuuweka mkononi mwa Edgar.

Halafu akageuka. "Huyu binti wa nani?" akauliza, ingawa alimjua tangu anabebwa mgongoni.

"Wangu," akasema Costansia. "Na kuzima sauti nilimfundisha mimi."

Safari hii kicheko kilikuwa kizuri.

Wanaokuja na simu zao Costansia huwajibu kwamba Kokuhirwa sasa yuko Ihanda, Karagwe, katika chumba cha kupanga mkabala na kijiwe cha bodaboda, ambako mtandao unashika vizuri. Anabadilisha video.