Kitambaa cha Nyundo

Miaka thelathini Nyundo alipiga gitaa kavu kwenye ukumbi wa harusi, bila waya wala spika, na jina hilo alilipata kwa ajili ya kidole gumba chake cha kulia. Wageni mia tatu wakishaanza kupiga soga, gitaa kavu halisikiki mpaka ulitwange, naye alilitwanga. Bendi iliponunua magitaa ya umeme, shemeji yake, kaka wa mkewe na kiongozi wa bendi, alimkabidhi moja jekundu.

"Shem, hili halitaki nguvu. Liguse tu."

Liguse tu! Rahisi hivyo, kama kumwambia mlevi atembee moja kwa moja. Nyuzi zenyewe nyembamba. Akizikandamiza kama alivyozoea, zinapinda na sauti inapotoka. Akichapa kwa gumba, spika inapiga ukelele. Hata kidole kikiteleza kidogo tu, inakitangaza. Gitaa kavu lilikuwa likimsitiri. Hili lina mdomo kuwashinda wageni wa harusi.

Wiki sita alifanya mazoezi sebuleni kila alasiri, kando ya cherehani ya mkewe. Mkewe akamshonea kitambaa laini cha kuvalisha gumba, ili lipunguze ukali.

"Samaki mkunje angali mbichi," alimtania, "na wewe baba ulishakauka zamani."

Walicheka wote wawili, lakini Nyundo aliacha kucheka mapema. Shemeji alishasema kwamba harusi ya Jumamosi ikiharibika, atatafutwa mpigaji mwingine. Kazi nyingine hakuijua, na kwa umri ule hakuwa na hamu ya kuijua.

Jumamosi mchana, wimbo wa kwanza tu, mkono ukamtii. Sauti ilitoka safi na laini, ikienda sambamba na gitaa la shemeji kama vile wamezaliwa pamoja. Machozi yalimlengalenga. Wimbo wa pili hivyo hivyo. Katika wa tatu raha ikamzidi, akajisahau, na gumba likachapa kwa nguvu zake zote za zamani.

Spika haikupiga ukelele.

Akachapa tena, makusudi. Kisha akautuliza mkono kabisa. Muziki uliendelea vile vile, mtamu, bila yeye.

Akageuka nyuma. Waya ulikuwa umechomekwa, taa inawaka, ila kitufe cha sauti cha spika yake kilikuwa kimerudishwa mpaka sifuri. Akamtazama shemeji, na shemeji akajifanya anakaza nyuzi. Nyundo alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini wageni walikuwa wakimtazama, basi akaurudisha mkono kwenye nyuzi na kuendelea kuuchezesha mpaka wimbo ukaisha.

Mkewe alikuja mbio mpaka jukwaani, uso umejaa furaha.

"Umeweza, baba! Leo umeweza!"

Nyundo alikivua kile kitambaa taratibu, akakikunja vizuri.

"Ni hiki kitambaa chako," akamwambia.