Laini Fupi ya Mzee wa Lokesheni

Miaka ile ya hamsini Thika ilikuwa na serikali mbili. Moja ilikuwa ya Bwana Shauri, yenye bendera na askari. Ya pili ilikuwa ya nyapara wetu wa kiwanda cha ngozi, nayo ilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake pale lokesheni, mtaa wa wafanyakazi Waafrika. Ukitaka kazi, uliendea hiyo ya pili. Chumba, vilevile. Mke wako akikwama kwetu magharibi kwa kukosa pasi ya kusafiri, ulienda benchini, ukasalimia vizuri, ukangoja.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilisoma sekondari kidogo, nikapata ukarani wa stoo, na tamaa yangu kubwa ilikuwa kufika chumbani chai ikiwa bado moto. Lakini chumba chenyewe nilipewa na nyapara huyo tuliyemwita Mzee, kwa hiyo kila uchaguzi wa baraza la lokesheni nilitoka nikajipanga.

Kupiga kura kulikuwa kupanga laini. Wagombea walisimama uwanjani, nawe ukasimama nyuma ya mtu wako, mchana kweupe, jirani akikutazama. Laini ya Mzee ilizunguka goli na kurudi. Walikuwemo hata vibarua wa kahawa kutoka Ruiru, ambao lokesheni yetu haikuwahusu ndewe wala sikio.

"Hao ni wageni wangu," Mzee alimwambia karani wa kuhesabu.

Karani akahesabu.

Haikuwa haki, najua. Nami nilimpenda. Mtu wetu akifa, Mzee ndiye aliyetafuta lori la kumfikisha kwao, na alipanda mwenyewe. Kwetu, aliyezikwa ugenini amepotea.

Ndipo akatokea mwalimu mmoja kijana kumpinga. Alitaka vyumba vitolewe kwa zamu, kila mtu na siku yake ya kuomba. Kijana safi, hakuna la kumsema. Tulimcheka, lakini watu walianza kumsikiliza, na Mzee alijua kwamba safari hii kiti cha baraza kinaweza kumponyoka.

Uchaguzi ukiwa kesho kutwa, homa ikamuua kibarua aliyekuwa amefika juzi tu.

"Mzee, tuma mtu," wazee wa benchi wakamsihi. "Ukienda, utakosa uchaguzi."

"Nimtume nani?" Akanitazama. Nikaona viatu vyangu vina vumbi jingi. "Huyu? Huyu hata Ruiru akienda anaaga kama anakwenda Ulaya!"

Walicheka mpaka nikacheka nao. Kisha akasema kwa upole, "Mama yake atataka kumwona mtu mzima aliyempokea mtoto wake mjini. Nitakwenda."

Sasa, kila aliyekuwa na kazi au chumba kwa mkono wa Mzee alitaka aonekane msibani karibu naye. Wakapanda lori mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiamini wengine watabaki kupanga laini. Lori lilipoondoka, kura zetu zilikuwa zimekaa humo zikiimba nyimbo za maombolezo.

Siku ya uchaguzi tuliweka kiti mahali pa Mzee. Wa kwanza nyuma ya kiti nilikuwa mimi. Nyuma yangu alisimama mpishi wa shule, kisha mlinzi mwenye mguu mbovu, kisha upepo. Laini ya mwalimu ilikuwa imelizunguka goli.

"Karani wa stoo!" wakanipigia kelele. "Leo wewe ndiye kiongozi!"

"Sogeeni huku," nikajibu, "kuna nafasi!"

Niliona aibu, lakini sikuondoka mpaka tulipohesabiwa.

Mzee aliporudi, macho mekundu kwa vumbi, mlinzi alimwambia, "Tumeshindwa, Mzee."

"Nimesikia tangu njiani." Akakaa. "Lakini kule tulizika vizuri."

Jioni mwalimu akaja kumwamkia, kofia mkononi. "Shikamoo, Mzee. Vyumba sasa vitatolewa kwa zamu."

"Vyema. Na wafu, baba? Nao utawapangia zamu?"

Mwalimu akaitazama kofia yake. Nilitegemea Mzee afurahie kumbana hivyo, maana mimi nilikuwa nafurahia sana. Badala yake alisogea, akampa nafasi ya kukaa.

"Dereva asionje pombe kabla hamjateremka mlima," akamwambia. "Pasi uombe mapema. Na ukifika, usiseme neno lolote mpaka mama amalize kulia."