Chupa ya Kasuku

Fundi saa huyu mtaani wanamwita Bwana Chupa, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Ukimpelekea saa, ataigeuza mara moja na kukwambia uje wiki ijayo. Mpelekee chupa kuukuu ya soda, atakuvutia kiti. Ataipapasa ubavuni kwa kidole, akifuata ule mshono mwembamba ulioachwa na kalibu ya kumiminia kioo. Mshono ukiishia shingoni, mdomo ulibandikwa kwa mkono, na chupa ni ya zamani kwelikweli. Ukipanda hadi mdomoni, hiyo ni ya mashine. Miaka ishirini ya kazi hiyo imempa rafu tatu za chupa na ulimi wa hakimu.

Ndiyo maana Jumapili moja aliitwa na jirani yake wa nyumba ya tatu, mama mmoja mjane, mshonaji aliyekwisha kustaafu. Ndugu zake wote walikuwa sebuleni. Tangu utoto mama huyu alisema baba yao aliwahi kuwa na kiwanda kidogo cha soda uani, na kwamba chupa zake zilikuwa na alama ya kasuku. Wadogo zake walizaliwa baba akiwa tayari mlinzi wa ghala, basi wakamcheka dada yao hadi uzeeni. Sasa alikuwa amepata chupa moja kwenye sanduku la marehemu shangazi yao, na alitaka mtu anayejua aseme.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Nzito, ya kijani, viputo tele ndani ya kioo, kasuku kasimama ubavuni. Mshono ulikoma chini ya mdomo, wazi kabisa. Chupa za kasuku alizisikia tu kwa wakusanyaji wenzake. Kwa macho hakuwahi kuiona hata moja. Tamaa ikamkaba. Alijua akisema kweli, chupa hiyo haitoki katika nyumba ile.

"Hii ni ya mapambo, dada," alisema. "Siku hizi wanaziiga. Mshono umefika mdomoni."

Mdogo wake mama alicheka mpaka akatokwa machozi. "Si nilisema? Eti kiwanda cha soda. Dada, umetulisha hadithi miaka yote hii."

Mama aliichukua chupa, akainuka. Alipomsindikiza fundi mlangoni, alimtia chupa mkononi na kumwambia akaitupe huko mbele, yeye hataki kuiona tena.

Hakuitupa, bila shaka. Aliiweka rafu ya juu dukani na kuifunika kitambaa. Mtu mzima na mvi zake, anaificha chupa kama mwizi wa kuku. Kila mteja akiingia, macho ya fundi yalikimbilia juu. Akiwa peke yake alitaka kuitazama, na akiitazama uso ulimwaka kwa aibu. Mimi simwonei huruma, alijitakia.

Jumapili ya pili mama aliingia dukani akijikongoja kwa fimbo.

"Sina saa leo, fundi. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, dada?"

"Nilikupotezea siku yako kwa uongo wangu. Labda niliota tu nikiwa mtoto. Mdogo wangu nimeshamwambia nilikosea, na wajukuu nimewakataza wasiisimulie tena habari ya kiwanda."

Bisibisi ilimponyoka fundi. Mama angemtukana, yeye angepata nafuu. Alipanda kiti, akavuta kitambaa, akashuka na chupa, na maneno yakamtoka vipande vipande.

"Dada, niliongopa. Ni ya kale. Ni ya baba yako. Mimi... niliitaka."

Mama aliichukua. Aliigeuza polepole, akamfuta kasuku vumbi kwa pindo la nguo yake.

"Wiki nzima," alisema, "nimekuwa nikimwita baba yangu ndoto."

Fundi aliinama kuiokota bisibisi.

"Funga duka. Wote wako nyumbani leo. Neno lako ulilisema mbele yao, utalikana mbele yao."

"Sawa, dada." Alifunga, kisha akanyoosha mkono amsaidie kuibeba chupa, maana ilikuwa nzito na mama alikuwa na fimbo.

Mama aliibana kifuani.

"Hapana. Tangulia wewe, niione mikono yako."

Akatangulia. Majirani barazani walimwamkia Bwana Chupa kwa heshima ileile ya kila siku, naye hakujua mikono yake aiweke wapi.