Nyuzi Saba za Baba Kulwa

Kabla sijaona farasi hata mmoja, nilijua kwa hakika kwamba farasi huweza kuketi. Kijiji chetu kizima cha Songwa kilijua. Habari ilikuwa hivi: zamani za kale huko Uchina jeshi lilikwenda kumuua mfalme, mfalme akachukua ubao wenye nyuzi akaupiga, na askari wote wakaketi kusikiliza. Farasi nao wakaketi, wakakunja mikia kama wageni waungwana. Na ubao wa namna hiyo tulikuwa nao sisi, nyumbani kwa mama yangu mdogo, umetundikwa ukutani kwenye harufu ya gundi iliyochemshwa na maranda ya mninga.

Mume wa mama mdogo alikuwa Mchina, seremala, aliyefika nchini kwa njia ambayo kila mtu aliisimulia kwa namna yake. Katika yangu alimezwa na nyangumi. Akaoa kwetu, wakapata mapacha, na tangu siku hiyo hakuitwa tena Mchina, aliitwa Baba Kulwa. Alichonga milango na vitanda vya watu waliopata kazi Mwadui, mgodi wa almasi ulipokuwa bado mpya. Jua likipoa alinawa mikono, akaulaza ubao juu ya meza ya kazi, akaudonoa. Ulifanana kidogo na nanga, kinanda cha nyuzi cha Wazinza, ila sauti yake ilikuwa ndogo mno: kuku akikohoa, umeikosa. Kwa Kisukuma chake cha kuokoteza alituambia kwamba hapo kale nyuzi zilikuwa tano. Mfalme mmoja akafiwa na mwanawe, akaongeza wa sita kwa ajili ya kilio; mfalme mwingine akaongeza wa saba. Mjomba wangu Masanja akasema, "Shemeji, huku kwetu tungeongeza uzi kwa kila mtoto anayekufa, ubao wako ungekuwa mpana kama barabara ya Shinyanga." Baba Kulwa hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ameambiwa jambo la maana.

Mjomba ndiye aliyekuwa kiongozi wa ngoma yetu ya Bagalu. Asiyejua ajue: baada ya mavuno Bagalu na Bagika hucheza uwanja mmoja, saa ileile, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Kwa hiyo kila kundi lina samba, dawa ya kuvuta watu, inayopakwa ngoma na wachezaji. Miaka mfululizo watu walitukimbia kama tuna ukoma, na wazee wakamwambia mjomba wazi kwamba akishindwa tena, uongozi atapewa mwingine. Uongozi ule ndio uliokuwa jina lake. Shamba hakuwa na la kujivunia, wala ng'ombe. Akaenda kwa shemeji yake kumwomba aje apige ubao uwanjani.

"Hii si ya watu wengi," Baba Kulwa alimwambia.

Mjomba akatoka anatabasamu. "Mmesikia? Mganga wa kweli hukataa kwanza." Akarudi kesho yake na kesho kutwa, na shemeji hamnyimi shemeji.

Siku ya mashindano watu walikuwa wengi hivi kwamba vumbi lilifika Mwanza kabla ya treni. Baba Kulwa alikuja na kanzu safi, akaweka ubao juu ya meza, akaenda kunawa. Hapo ndipo mjomba, kwa moyo mweupe kabisa, alipofanya kile ambacho kiongozi yeyote wa ngoma angefanya. Alichota samba, unga wa mizizi uliokandwa kwa samli, akazipaka nyuzi zote saba kwa kidole, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Sote tulitazama, sote tukaridhika.

Nyuzi zile zilikuwa za hariri. Baba Kulwa aliporudi akagusa wa kwanza, ukatoa sauti ya kamba mbichi. Akajaribu kuzifuta kwa ncha ya kanzu, mbili zikakatika. Upande wa pili Bagika walikuwa wamemtoa mtu aliyejiviringishia chatu, na uwanja mzima ukahamia huko, hata wapiga ngoma wetu wawili. Mtu mmoja akapita akisema, "Masanja, hicho kitanda chako kinalia?" Baba Kulwa aliufunika ubao kwa kitenge cha mkewe, wakaondoka.

Uongozi wa ngoma, kama wazee walivyosema, ukapewa mwingine. Mjomba alihangaika kutafuta hariri, akaikosa. Akaleta mshipi wa kuvulia samaki, akaleta waya wa breki ya baiskeli. Baba Kulwa alivipokea vyote kwa mikono miwili, akashukuru, akaviweka rafuni. Ubao ukabaki ukutani mpaka alipofariki, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwomba amfundishe kidole kikae wapi.

Leo ngoma zetu zina vipaza sauti vinavyotikisa mabati, na anayeshinda ni mwenye jenereta kubwa. Nami nina redio inayoleta nyimbo za dunia nzima, sijui hata moja imepigwa na nani, kwa ajili ya nani. Nilipokuwa kwenye masomo ya jioni niliwahi kulisimulia darasa habari ya farasi, wakacheka hadi mwalimu akaketi. Nikaenda kwa mama mdogo nikitaka shahidi.

"Farasi gani, ng'wanone, mwanangu?" alisema, akiendelea kupepeta mtama. "Hiyo aliitunga mjomba wako, akaisema hata akaiamini. Mume wangu hakuwa na habari ya majeshi. Alikuwa akinipigia mimi."